Sponji nene ilinirudisha Arusha kwa Noah

Juzi nilipata ujumbe wa msichana wa Dodoma: "Dada, nimenunua bukta ya baiskeli yenye sponji nene kuliko zote dukani, na bado nikifika kilomita 30 natamani kulia. Au mwili wangu ndio una shida?"

Mdogo wangu, mwili wako hauna shida yoyote. Ujumbe wako nimeusoma nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha mbao, siku moja baada ya kwenda Moshi na kurudi Arusha, kilomita kama 160, kwa siku hiyohiyo. Kigoda cha mbao, umenisikia?

Miaka mitatu iliyopita hata godoro lilinishinda. Ndiyo safari yangu ya kwanza na kundi, na nilijiandaa kama bibi harusi. Nilienda dukani nikatoa sh 35,000 kwa bukta yenye sponji nene kama slesi mbili za mkate. Muuzaji akaibonyeza mbele yangu, akasema, "Hii sofa, dada." Nikaivaa juu ya chupi, maana mimi nimelelewa na mama yangu, na mtoto wa mama yangu hatoki nyumbani bila chupi.

Hadi Maji ya Chai nilikuwa naimba. Kikatiti nikaanza kuhamahama kwenye siti, mara kushoto, mara kulia. Karibu na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, wanaopita pale wanaujua ule upepo, nikainama kuukwepa na uzito wote ukaja mbele. Ganzi ikaniingia sehemu ambazo sikujua kama zinaweza kuingia ganzi. Sponji nayo ilishalowa jasho, inaning'inia kama nepi ya mtoto ambaye mama yake amemsahau.

Bomang'ombe nikashuka. Miguu haikutaka kukutana. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza, "Umeanguka, mwanangu?" Kiongozi wa msafara akatazama saa yake, wala hakunitazama mimi, akasema, "Ndiyo maana nasemaga safari ndefu siyo za wanawake." Wakaondoka. Sijaisahau sauti ile na sina mpango wa kuisahau. Nikaitia baiskeli kwenye buti la Noah, nikarudi Arusha nimekalia paja moja.

Nilipovua nguo nikaona mshono wa chupi umeuchora mstari mwekundu kwenye kinena, umenyooka kama wa rula. Nilinyamaza siku nne. Ya tano ikawa jipu. Dada wa duka la dawa akanisikiliza navyozungukazunguka, mara mgongo, mara uchovu, mwisho akasema, "Mficha uchi hazai. Sema panapouma."

Kwa hasira ile bukta niliipasua kwa mkasi. Ndani mlikuwa na kipande kimoja cha sponji, laini kama ya kuoshea vyombo. Ukiibana kwa vidole viwili, vidole vinakutana. Hapo ndipo nilipoelewa. Umewahi kulala gesti yenye godoro linalobonyea hadi kwenye chaga? Jioni unaliona raha, asubuhi mgongo unalia. Ni hivyohivyo. Mwili wako kwenye siti unatakiwa ubebwe na mifupa miwili ya makalio. Kaa kwenye kigoda, weka viganja chini yako, utaisikia. Sponji laini inaiacha mifupa izame, halafu pale katikati inavimba na kukubana penye nyama laini na mishipa. Kadiri ilivyo nene ndivyo inavyovimba.

Bukta niliyoendea Moshi juzi nimeitoa Memorial, soko la mitumba la Moshi, kwenye rundo, sh 8,000. Sponji yake nyembamba ukiitazama kwa mbali, ila ngumu, na imeongezwa unene sehemu mbili tu, palepale mifupa inapokaa. Imeshonwa kwa ajili ya mwanamke, kwa hiyo sehemu hizo zimeachana zaidi kuliko kwenye za wanaume. Najua mtaniletea habari za marufuku ya nguo za ndani za mitumba. Bukta siyo chupi, ila niliiloweka na kuianika juani siku mbili, sijafa. Ukinunua mtumba, bana sponji kwa dole gumba: ikibaki imebonyea, imekufa, iache. Kisha ivute kitambaa uelekeze juani. Ukiona mwanga unapenya, imechoka.

Na chupi vua. Sponji ile ndiyo inayogusa ngozi, imetengenezwa kunyonya jasho, na mishono yake imekwepeshwa mbali na panaposugua. Chupi ya pamba inalishika jasho na kukuletea mishono ya ziada. Ukiona aibu ya kubanwa, vaa kaptula pana juu. Mimi hutembea na khanga kwenye begi, nikisimama najifunga. Paka mafuta ya mgando kwenye kinena. Zamani wapanda baiskeli wa Ulaya, badala ya sponji, walishonewa ndani ya bukta ngozi halisi ya mnyama wa milimani, ilikauka ikawa ngumu, wakawa wanaipaka mafuta ilainike. Ngozi imeondoka, mafuta yamebaki. Shusha siti kidogo kama kiuno kinayumba ukipiga pedeli. Kila robo saa simama kwenye pedeli damu ipite. Ukifika, usikae kupiga stori na bukta mbichi. Na chupi, jamani, vueni.

Wanawake tunaumia kimya halafu tunajiita legelege, kumbe tumevishwa nguo isiyo yetu. Uliza. Ukichekwa, muulize mwingine. Ningeuliza siku ile ya kwanza nisingelala kifudifudi wiki nzima.

Juzi hiyohiyo, wakati narudi, nilisimama Usa River kununua maji nikakuta yule kiongozi wa msafara ameegemea ukuta, miguu imeachana kidogo. Hali ile naijua. Tukasalimiana vizuri tu. Akaitazama bukta yangu, akaniuliza nimenunua wapi, nikamwambia Memorial. Akauliza kibanda gani. Nikamwambia wapo wengi, atazunguka.