Mbona Nikitafuta Wikipedia ya Kiswahili Sipati? Maswali Yenu na Majibu

Toleo lililopita tuliandika kuhusu wanafunzi kutumia Wikipedia kwa kazi za shule, na tangu hapo meseji zinamiminika tu, na karibu zote zinagusa jambo moja, kutafuta. Watu wanaamini makala zipo ila hawazifikii. Nimechagua tano, zingine zinafanana sana kwa hiyo kama jina la mji wako hulioni hapa soma tu, jibu lako liko ndani.

Shikamoo mhariri. Mi niko kidato cha tano Morogoro. Nikiandika "wavuvi" kwenye kisanduku cha kutafuta cha Wikipedia ya Kiswahili inaniletea makala fulani, nikiandika "uvuvi" inaleta zingine, "mvuvi" zingine tena. Habari si ni ileile jamani? Ni simu yangu ndo mbovu au?

Marahaba mwanangu. Simu yako haina kosa lolote, usiipeleke kwa fundi.

Wikipedia zote zinaendeshwa na programu inaitwa MediaWiki, na kwenye kutafuta kuna kipande chake kinaitwa CirrusSearch ambacho kilianza kuingizwa mwaka 2013 kuchukua nafasi ya mtambo wa zamani. Kazi yake ni kama faharasa ya nyuma ya kitabu, yaani inachukua kila makala, inaikata neno moja moja, halafu kila neno linaandikiwa makala gani zinalo. Ukiuliza "wavuvi" inaenda kwenye mstari wa "wavuvi" na kukuletea zilizoandikwa pale, basi.

Sasa kwa lugha nyingi kuna hatua moja inafanyika kabla neno halijaandikwa kwenye hiyo orodha, nayo ni kulikata mpaka libaki shina. Mzungu akitafuta neno la uvuvi kwa Kiingereza, maumbo yake mengi yanakatwa mkia na yanabaki kitu kimoja, kwa hiyo akiuliza umbo lolote anapata yote. Elasticsearch, ambao ndio mtambo CirrusSearch ilijengwa juu yake, ulikuja na vikataji vya namna hiyo kwa lugha zaidi ya thelathini, Kiarabu kimo, Kihindi kimo, Kiindonesia, Kifini, hata Kibaski na Kigalisia. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo kwa mtambo "mvuvi" na "wavuvi" ni maneno mawili yasiyojuana kabisa, sawa na "mvuvi" na "gari".

Na hata ukichukua kikataji cha Kiingereza ukakileta kwetu hakisaidii, maana chenyewe kinakata mkia na sisi mambo yetu mengi yako kichwani. Kitabu vitabu, chakula vyakula, jino meno, ubao mbao, ulimi ndimi. Kitenzi ndo usiseme, "hawakusomeshwa" limebanwa mbele na nyuma na ndani yake kuna "soma" tu. Ndiyo maana hata ile alama ya nyota ambayo watu wanapenda kuitumia, ukiandika som* inakuletea soma, somea, somwa na somesha lakini "anasoma" na "walisoma" inaziacha.

Mimi hili linaniuma kusema kweli. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003, ina makumi ya maelfu ya makala, watu wamekaa usiku kwa bando lao wenyewe wakaandika, halafu mtoto wa Morogoro anaandika wingi badala ya umoja anaambiwa hakuna.

Kwa sasa fanya hivi. Andika mvuvi OR wavuvi OR uvuvi, hiyo OR iwe kwa herufi kubwa, itakuletea makala zenye lolote kati ya hayo. Au nenda Google andika uvuvi site:sw.wikipedia.org, itatafuta ndani ya Wikipedia ya Kiswahili peke yake. Na kitu kingine, yale majina yanayoshuka chini ya kisanduku wakati unaandika yanaangalia jina la makala kuanzia mwanzo wake, tangu 2016 yanavumilia kosa dogo la herufi lakini mwanzo ukiukosea sana huoni kitu. Makala ikiitwa "Vita vya" kitu fulani na wewe ukaanza na hicho kitu, inaweza isishuke kabisa, na hapo wengi wanakata tamaa na kufunga. Usifunge, bonyeza utafute mpaka ndani ya makala.

Habari yako mhariri. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 7 hapa Kakamega. Wanafunzi wangu huandika swali lote vile liko kwa kitabu, "nani alikuwa rais wa kwanza wa Zambia", na mara nyingi hawapati kitu. Niwafunze aje?

Mwalimu, waambie waondoe maneno ya kuuliza. Mtambo huu kwa kawaida unataka makala iwe na maneno yote uliyoandika, sasa makala ya Kenneth Kaunda itasema alikuwa rais wa kwanza wa Zambia tangu 1964, lakini neno "nani" litatoka wapi mle ndani? Neno moja hilo linatosha kuitupa makala nje. Waandike rais wa kwanza Zambia.

Wakishazoea hapo wafunze alama za nukuu, ukiandika "rais wa kwanza" ndani ya nukuu maneno lazima yafuatane hivyo hivyo. Alama ya kutoa mbele ya neno inaliondoa, mfano mtoto anataka sayari ya Zebaki na anachoka kuletewa madini, aandike zebaki -madini. Kuna intitle:maziwa ambayo inaangalia majina ya makala peke yake, na incategory: ukiifuatisha na jina la jamii, zile jamii zinazoorodheshwa chini kabisa ya makala, na jamii ikiwa na maneno mengi iweke ndani ya nukuu. Ukichanganya hizo mbili na neno moja la kawaida unapata kitu kilichonyooka sana, mimi kwa maoni yangu incategory ndo inayosahaulika kuliko zote na ndo yenye faida kubwa kwa shule kwa sababu mwalimu anaweza kuwapa watoto jamii moja wafanyie kazi humo humo.

Kama shule ina kompyuta, ukifungua ukurasa wa matokeo ya utafutaji utakuta fomu ya kujaza yenye nafasi za vitu hivyo, huna haja ya kukariri amri. Fomu hiyo ilitengenezwa na watu wa Wikimedia Deutschland, yaani chama cha Wikipedia cha Ujerumani, na mwaka 2018 ikafika kwenye Wikipedia za lugha zote.

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, kwetu Unguja. Napenda kusoma historia ya masultani wetu kwa Kiswahili lakini majina kila mtu anaandika lake, Seyyid, Sayyid, Said, Saidi, Barghash, Bargash, Khalid, Halid. Nikikosea herufi moja sipati.

Waalaykumu salaam mama. Hapa kuna dawa mbili, moja ya leo leo na moja ya kudumu.

Ya leo ni alama ya kiwimbi ~ unayoiweka mwisho wa neno bila nafasi. Ukiandika bargash~ mtambo unakubali tofauti ya herufi moja mbili, kwa hiyo Barghash aliyetawala 1870 mpaka 1888 atatokea. Ila herufi mbili za mwanzo haziguswi, lazima ziwe sawa, kwa hiyo halid~ haikuletei Khalid, yule wa vita vya Agosti 1896 na Waingereza. Majina yetu mengi ya Kiarabu yanatofautiana hapo hapo mwanzoni, kh na h, dh na z, gh na g, kwa hiyo hiyo dawa inafika mahali inagota.

Ya kudumu ni elekezo. Elekezo ni ukurasa mdogo usio na habari yoyote, kazi yake ni kumpokea mtu aliyeandika jina kwa namna nyingine na kumpeleka kwenye makala yenyewe, na zuri zaidi jina hilo litaanza kushuka na chini ya kisanduku mtu akiwa anaandika. Jisajili, tafuta jina lile ambalo halileti makala, kwenye matokeo utaona jina limeandikwa kwa rangi nyekundu kukuonyesha ukurasa haupo, libonyeze, halafu kwenye uhariri wa chanzo andika mstari mmoja tu:

#REDIRECT [[Jina kamili la makala lilivyo]]

Hifadhi, umemaliza. Mtu mmoja anayejua namna zote ambazo wazee wa Unguja wanaandika hayo majina anaweza kufanya kazi ambayo mtambo hauwezi hata upewe nini, na ninakuomba kwa dhati mama uifanye, maana wewe unazijua na mwanafunzi wa leo hazijui. Angalia tu jambo moja, jina likiwa la watu wengi, mfano Said bin Sultan aliyefariki 1856 na Said wengine waliokuja baadaye, usilielekeze kwa mmoja, hapo unatengenezwa ukurasa wa maana unaoorodhesha wote na msomaji anachagua.

Na hii inahusu hata maneno yenye ng' kama ng'ombe. Simu zingine zinaweka ile alama iliyopinda na kompyuta nyingi iliyonyooka, na kwenye majina ya makala na viungo hivyo ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo ukikuta makala ya namna hiyo iwekee elekezo la alama ya pili.

Hivi hawa Wikipedia michango yote ile wanayoomba, mbona hawajengi sachi kali kama Google? (Mwanza)

Kuna kipindi walianza kufikiria kitu kikubwa, na hawakufika mbali. Mwaka 2015 Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, ilipata dola 250,000 kutoka Knight Foundation, mfuko wa Marekani unaotoa ruzuku, kwa mradi wa kutafuta ulioitwa Knowledge Engine, wahariri wa kujitolea walipogundua kuna mpango mkubwa hawakuambiwa vizuri wakawaka, na Februari 2016 mkurugenzi mtendaji Lila Tretikov akatangaza kujiuzulu. Baada ya hapo kazi ikarudi kwenye kutafuta ndani ya wiki zenyewe, na kwa maoni yangu huko ndiko ilikopaswa kuwa, kwa sababu tatizo la mtoto wa Morogoro hapo juu halihitaji Google mpya.

Sasa mhariri. Mimi ni developa hapa Nairobi, nimechoka kulalamika. Hiki kikataji cha Kiswahili siwezi kukiandika mwenyewe nikawapa?

Unaweza, na meseji yako ndo imenifurahisha kuliko zote. Wikimedia wamewahi kuongeza lugha ambazo mtambo haukuja nazo, Kislovaki na Kiesperanto ni mifano, kila moja ni kipande kidogo cha programu kilichoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java na kinapachikwa pembeni, na kodi yote, yaani maandishi ya programu yenyewe, iko wazi uisome uone walivyofanya. Mazungumzo yanafanyika Phabricator, tovuti yao ya kufuatilia kazi na hitilafu, unaingia kwa akaunti yako ile ile ya Wikipedia, na kodi inapokelewa kupitia Gerrit, tovuti ya kuikagua kabla haijakubaliwa.

Kuandika kitu kinachokata viambishi ni rahisi, shida iko kwenye kujua wapi usikate. Ukisema "ki" ya mwanzo ikatwe, kitabu na vitabu watakutana vizuri, lakini Kisumu itabaki "sumu" na mtu anayetafuta habari za sumu ataletewa jiji la Kisumu. Kigoma itabaki "goma", na hapo umeuchanganya mji wa Tanzania kwenye Ziwa Tanganyika na mji wa Goma wa Kongo kwenye Ziwa Kivu, tena yote miji ya ziwani kwa hiyo matokeo yatafanana mpaka msomaji asijue kuna kosa. Ukikata "ma", maji yanabaki "ji" na mali inabaki "li". Kwa hiyo utahitaji orodha ya maneno ya kuachwa, majina ya mahali kwanza, na utahitaji orodha nyingine ya yale yasiyofuata kanuni kama jicho na macho, ulimi na ndimi. Mimi ningeanza na nomino peke yake na kuviacha vitenzi kabisa kwenye toleo la kwanza, makala nyingi za kamusi elezo zinatafutwa kwa nomino.

Hauanzi kutoka sifuri. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki amefanya kazi ya kuchambua maneno ya Kiswahili kwa kompyuta tangu miaka ya 1980, mfumo wake unaitwa SALAMA, soma alichoandika uone matatizo aliyokutana nayo. Huo ni uchambuzi mzito kuliko unachohitaji kwa kutafuta, ila mitego ni ile ile.

Pia usiogope kwamba ukikosea utaharibu kila kitu, mtambo unahifadhi neno lilivyoandikwa pamoja na shina lake, mtu akiweka nukuu anapata neno halisi. Na kabla kikataji hakijawashwa kuna hatua ambayo hata asiyejua kodi anaweza kusaidia, wanatoa makundi ya maneno ambayo kikataji kimeyaona ni shina moja na wanatafuta wazungumzaji wa lugha wayapitie wakisema hili sawa, hili hapana. Hapo ndo tutahitaji mtu wa Lamu, mtu wa Songea, mtu wa Bukavu, kwa sababu hatusemi sawa. Ukifika hatua hiyo tuma makundi yako hapa, nitayachapa toleo linalofuata wasomaji waanze kuyapitia.