Waya mbili sio spidi mara mbili, niulizeni mimi

Juzi saa tano usiku kuna mdogo wangu mmoja kanitumia meseji, "kaka nimechomeka waya ya pili kati ya swichi zangu ili neti iwe fasta, sasa ofisi nzima haina kitu." Swichi, yaani vile viboksi vinavyogawa neti kwa kompyuta. Nikacheka, alafu nikanyamaza, maana hilo kosa nililifanya mimi na likaninyima mkataba.

Ilikuwa hapahapa Dodoma, ofisi siitaji, kile kipindi cha upepo vumbi linaingia mpaka ndani ya raki. Watu wanalalamika neti inasota, na mimi nilivyokuwa najiamini nikasema swichi ya juu na ya chini zina waya moja ya gigabiti 1, nikiongeza nyingine tunapata 2. Nikachomeka, setting sijagusa. Haikupita hata dakika taa za poti zote zinapepesa kwa pamoja kama disko, simu za mezani kimya, printa kimya. Luupu hiyo, njia imejifunga duara, brodikasti, zile meseji za kwenda kwa kila kompyuta, zinazunguka hazina pa kufia, na ile STP ya kuzuia luupu nilishaizima mwenyewe eti inachelewesha kompyuta kupata neti asubuhi. Bosi akanisema mbele ya wote, na mama wa chai amesimama na chupa yake anasikiliza. "Tulikuwa na neti mbovu, fundi umetuletea kutokuwa na neti kabisa." Mpaka leo nikipita ile barabara naangalia upande wa pili.

Sasa sikiliza. Setting kwanza, waya ya pili baadaye. Washa LACP, yaani utaratibu wa swichi mbili kukubaliana kutumia waya mbili kama moja, pande zote mbili, angalau upande mmoja uwe active, maana passive kwa passive zitasubiriana mpaka kesho. Spidi na VLAN za poti, yaani mitandao midogo iliyogawanywa ndani ya swichi, zifanane. Setting kwanza, narudia.

Na usimuahidi mteja gigabiti 2. Mtu mmoja akikopi faili kutoka kwenye seva, faili lote linapita waya moja tu, nafuu inaonekana watu wakiwa wengi. Tena kama swichi inagawa kwa kuangalia MAC, yaani namba ya kifaa, ya kule data inakoenda na wote wanaenda kwa rauta moja, waya ya pili inalala tu, badilisha iangalie anwani za IP za anayetuma na anayepokea.

Raha yake ni siku ya ajali. Mwezi uliopita kuna hosteli Kisasa, majengo mawili, nimevuta faiba mbili, moja mtaroni na nyingine upande wa pili wa uzio. Fundi bomba kapiga sururu kakata ya mtaroni. Taa ya poti upande wangu ikabaki kijani vilevile kwa sababu katikati kuna media konveta, kile kiboksi cha kubadilisha faiba kuwa waya wa kawaida, ila LACP ilikuwa kwenye taimeri ya haraka, sekunde 3 haijasikia jibu ikaitoa ile njia. Ningelazimisha faiba zote mbili zifanye kazi pamoja bila LACP, nusu ya data ingekuwa inamwagwa kwenye shimo. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyepiga simu! Na wale wanafunzi ninavyowajua, neti ikikatika dakika moja tu wanapiga.

Vijana mnapenda njia ya mkato, mnaona video moja mnakimbilia raki ya mtu. Soma kwanza, jaribu mezani na swichi mbili za mtumba.

Yule dogo nilimwambia achomoe, neti ikarudi. Leo asubuhi kanitumia picha, LACP imekubali, kafurahi kweli. Nikazuumu. Waya zote mbili kazipitisha kwenye bomba moja. Nimempigia hapohapo.