Mama anataka "kutuuzia" mali ya marehemu baba ili tuepuke kodi. Je, ni sawa?

SWALI: Baba yetu alifariki mwaka 2019 bila kuacha wasia. Aliacha ploti yenye nyumba sita za kupangisha mjini Nakuru na shamba la ekari tano huko Nyandarua, na hati miliki zote mbili bado zina jina lake. Mama ana umri wa miaka 71 na ndiye anayepokea pango. Dalali mmoja wa ardhi amemshauri atuuzie sisi watoto wanne kila kitu kwa bei ndogo akiwa bado hai, ili serikali isije ikadai kodi ya urithi. Je, ushauri huo ni wa kufuatwa, na kuna njia gani halali za kupunguza kodi?

JIBU: Ushauri huo usifuatwe. Kwanza kabisa, hofu iliyouzaa haina msingi, kwa kuwa Kenya haitozi kodi ya urithi. Ile iliyokuwapo ilifutwa mwaka 1982. Pili, mama yako hawezi kuuza mali ambayo bado imeandikwa jina la marehemu. Kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi, yeyote anayeuza au kugawa mali ya marehemu anavunja kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, na mnunuzi, hata akiwa mwana wa marehemu, hapati haki yoyote katika ardhi hiyo.

Hata kesi ya mirathi ikishafunguliwa mahakamani, ni muhimu mfahamu kwamba mama hatakuwa mmiliki kamili. Mtu akifa bila wasia akaacha mke na watoto, kifungu cha 35 kinampa mjane vyombo vya nyumbani na vitu binafsi vya marehemu moja kwa moja, lakini mali iliyosalia anapewa haki ya kuitumia maishani mwake tu. Anaweza kupokea pango na kulima shamba, lakini hawezi kuyarithisha kwa wasia wake mwenyewe. Familia nyingi huligundua jambo hili mama akiwa ameshazikwa, pale mtoto mmoja anapoleta wasia unaompa ploti nzima na wengine wakaelezwa na mahakama kwamba mali hiyo haikuwa ya mama kuigawa. Kifungu hicho hicho, hata hivyo, kinamruhusu mjane kuwapa watoto mali hiyo, yote au sehemu, kama zawadi inayoanza kufanya kazi papo hapo wakati wa uhai wake, na mtoto anayeona ameonewa anaweza kwenda mahakamani. Kwa hiyo lengo la mama la kuwagawia sasa linawezekana, ila kwa njia ya mirathi.

Sasa nije kwenye kodi zenyewe. Ushuru wa stempu, unaolipwa ardhi inapobadilisha mmiliki, ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani. Tuseme, kwa mfano tu, ploti ina thamani ya shilingi milioni 12 na shamba milioni 5: mauzo yale ya dalali yangewagharimu shilingi 480,000 kwa ploti na 100,000 kwa shamba, na bei ndogo isingewasaidia kwa sababu mthamini wa serikali hukadiria thamani ya soko bila kujali kilichoandikwa kwenye mkataba. Ardhi inapowafikia warithi kwa njia ya mirathi, ushuru huo wa asilimia hautozwi. Mngekuwa mmelipa zaidi ya nusu milioni kukimbia kodi isiyokuwapo, na juu yake mngekuwa na mkataba wa uongo, ambao ni kosa la jinai.

Kodi ya faida ya mtaji, yaani ile inayotozwa faida ya kuuza au kuhamisha mali na ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida hiyo, haiwahusu msimamizi anapomhamishia mrithi fungu lake. Inaweza kuwahusu mkiamua kuiuza ploti kwa mtu wa nje ili mgawane fedha. Sheria inasamehe mali inayohamishwa kwa ajili ya kusimamia mirathi endapo uhamisho utakamilika ndani ya miaka miwili tangu kifo, au ndani ya muda ambao Kamishna wa kodi ameuongeza kwa maandishi. Miaka yenu miwili ilikwisha 2021. Kama kuna nia ya kuuza, wakili wenu aombe nyongeza hiyo mapema na kueleza sababu za kuchelewa, badala ya kusubiri mnunuzi apatikane. Shamba halina tatizo hilo, kwani ardhi ya kilimo iliyo chini ya ekari 50 na nje ya mji imesamehewa kodi hii.

Fungueni mirathi, basi. Barua ya chifu inayowataja warithi wote ndiyo ya kwanza kutafutwa, na iwataje dada zenu walioolewa, kwa kuwa sheria haiwatofautishi na wana wa kiume. Ombi lenu kwa mahakama likitangazwa katika Gazeti Rasmi, siku 30 za pingamizi hutolewa, na kwa kawaida hati ya usimamizi, ile inayomteua msimamizi, huthibitishwa baada ya miezi sita tangu itolewe. Ploti yenye nyumba sita haigawanyiki kirahisi kwa watu wanne, kwa hiyo inapofika wakati wa kuiandikisha, msisitize umiliki wa hisa zilizotajwa, robo kwa kila mmoja. Mkiandikishwa kama wamiliki wa pamoja bila hisa, anayefariki fungu lake linawaendea ndugu waliobaki, na watoto wake wanatoka mikono mitupu.

Nimesikitika kusoma kwamba mama anapokea pango bila neno lolote kuhusu kulilipia kodi ya serikali. Pango la nyumba za makazi, likiwa kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, hutozwa asilimia 7.5, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Deni hilo, pamoja na riba yake, linaangukia mali ya marehemu. Kusanyeni rekodi za pango tangu 2019, pamoja na hati za ununuzi na risiti za ujenzi, mziende nazo kwa wakili siku ya kwanza.