Kabla Hujalipia Jambiani, Tazama Mwezi

Jumamosi iliyopita, saa tano kasoro asubuhi, msomaji mmoja alinitumia picha. Mchanga mweupe, mtumbwi umelalia ubavu, na huko mbali kabisa mstari wa buluu mwembamba kama uzi. Chini ameandika: "Dada, nimelipia siku tatu Jambiani, nimeleta mke na watoto kutoka Iringa. Bahari haipo. Nimetapeliwa?"

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Halafu nikaacha kucheka, maana mtu huyo miaka miwili iliyopita nilikuwa mimi.

Najua mnaonisoma hapa wengi ni wenzangu: watu wa bara, wenye kibubu, mlioapa kwamba mwaka hauishi bila kukanyaga Zanzibar. Kibubu changu kilinichukua miezi kumi na minne, na habari zake sitawachosha nazo. Nilikuwa na nia moja: mama mkwe wangu, mzaliwa wa Singida, amevuka sabini, aingize miguu baharini kabla macho hayajamwisha nguvu. Na niseme ukweli, nilitaka pia ijulikane kwamba aliyempeleka ni mkamwana, si binti zake.

Tulivuka na boti ya asubuhi kutoka Dar. Mama alisafiri saa mbili zote amefumba macho, mfuko wa kutapikia mkononi, kwa hiyo bahari ya kwenye boti tusiihesabu. Tukachukua gari hadi Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, tukafika saa tano kasoro. Mama akasimama kwenye ngazi za ile nyumba ya wageni, akaweka kiganja juu ya macho.

"Mwanangu, hiyo bahari yenyewe iko wapi?"

Mwenye nyumba akajibu kwa upole, "Maji yamekupwa, mama. Yatajaa." Mimi nilichosikia ni maneno ya tapeli. Nikamwambia mambo ambayo leo siwezi kuyaandika. Nikadai hela yangu, hakurudisha hata shilingi, na kwa kuwa nilishapandisha sauti mbele ya mama mkwe, sikuweza kuishusha. Nikaita gari turudi mjini.

Dereva alinyamaza mpaka tulipofika msitu wa Jozani, pale miti inapofunika barabara. Ndipo akasema, "Mngesubiri saa kumi tu. Leo mwezi mpevu."

Ningeweza kusema geuza. Hakuna kilichonizuia isipokuwa kichwa changu. Nikamwambia endesha.

Jioni hiyo mama aliiona bahari akiwa Forodhani, bustani ya ufukweni pale mjini, ng'ambo ya ukuta, vijana wakipiga makachu, yaani kujirusha majini kwa mbwembwe, na kuibukia mbali huku watu wakishangilia. Mguu hakutia. Usiku miguu ikamvimba, akasema anataka kwake, na asubuhi tukapanda boti. Kwenye grupu la familia wifi yangu akaandika: "Pole mama, kumbe mlienda kuangalia mchanga. Mchanga hata Singida upo." Watu kumi na mmoja wakaweka emoji za kucheka. Niliwahesabu.

Sasa sikilizeni. Upande wa mashariki wa Unguja, Bwejuu, Paje, Jambiani, mwamba wa matumbawe uko mbali na ufukwe, na kati yake ni uwanda wa maji mafupi, tambarare kama uwanja wa mpira. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, maji hushuka kwa kimo cha mita tatu hata nne. Penye mteremko mkali hutaona tofauti kubwa. Penye tambarare, kilomita nzima ya bahari inaondoka mbele ya macho yako. Ndiyo maana Kendwa na Nungwi, kaskazini, watu wanaogelea muda wote na bei za vyumba zinajua hilo.

Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo maji yanakupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, halafu yanajaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku muda husogea mbele kama dakika hamsini. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayaendi mbali, hayaji kwa kishindo, na asubuhi ile ya saa nne ndiyo yamejaa. Una watoto wanaotaka kuoga bahari kabla ya chakula cha mchana? Nenda mwezi ukiwa nusu. Ushauri wangu karibu wote ni huo: tazama mwezi kwanza, ulipie baadaye.

Mambo mengine mnayajua. Machi hadi Mei ni masika, bei zinashuka kwa sababu mvua haishuki kidogo. Januari ni upepo wa kaskazi, jua kali. Kuanzia Juni kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, linapiga upande huo wa mashariki, na wale wa kuruka na mabawa ya upepo pale Paje wanalishangilia. Mama mkwe wako hatalishangilia. Beba kitambulisho, maana nauli ya boti ya mwananchi si ya mgeni. Vaa viatu chakavu vya kutembelea kwenye maji yaliyokupwa, kuna wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi kama sindano. Na tazama mwezi, nimeshasema.

Safari ya pili ilikuwa Januari mwaka huu. Nilichagua mwezi mpevu kwa makusudi, nyumba ileile na dereva yuleyule, kinyume na ushauri niliowapa hapo juu. Mama nilimbembeleza wiki tatu. Mwenye nyumba alinitambua nikiwa bado kwenye gari. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi tangu bandarini, yakanipotea yote. Alituangalia, akaingia ndani, akatoka na viti viwili akaviweka ukutani kwenye kivuli, vimeelekea mchangani.

Mama hakukaa. Aliona wanawake wanainama huko mbali, akasema pale pana shamba. Tukaenda. Kweli ni shamba: vigingi vimechomekwa mchangani, kamba zimevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kila kamba vishada vya mwani vimefungwa kwa taitai, vile vikamba vyembamba vya kufungia. Kilimo hiki cha kuuza kilianza hapohapo Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Mwani wenyewe husafirishwa nje, unatolewa ute wa kugandisha vitu kama dawa ya meno na aiskrimu. Bibi mmoja alikuwa amekaa majini mpaka kiunoni, vidole vimekunjamana, anafunga fundo bila kuliangalia. Mama yangu, ambaye amelima alizeti maisha yake yote, akachuchumaa.

"Mnapalilia?"

"Tunapalilia, bibi. Magugu hata huku yapo."

"Na bei?"

Yule bibi akaacha fundo, akamwangalia. "Na ya alizeti kwenu vipi?"

Wakacheka, wakashikana mabega. Mimi nilisimama pembeni kama mtoto. Akatueleza kwamba aina ile nene, iliyokuwa na bei nzuri, inakufa siku hizi maji yakipata joto, na waliobaki nayo wanaifuata kwenye maji marefu, kazi ambayo asiyejua kuogelea haiwezi. Halafu akatuambia tugeuke.

Maji hayarudi kama wimbi la kwenye picha. Yanakuja kwa vijito, kimoja hapa kimoja pale, yanakutana nyuma yako. Tulipokaribia ufukweni yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, mama akakataa kutoka. Akasimama. Yakafika kwenye mashavu ya miguu, yakafika magotini, khanga ikaelea. Akachovya kidole akaonja.

"Kumbe kweli ni chumvi," akasema, kama mtu aliyedanganywa kwa miaka sabini na sasa amesamehe.

Ndugu zangu, tatizo letu ni kwamba tunalipia picha. Tunaona bahari imejaa kwenye simu, tunadhani imewekwa pale kama bwawa la hoteli. Pwani ina wenyewe na ina saa zake. Ukikuta maji yamekwenda, uliza. Usifoke kama nilivyofoka mimi. Nenda Kizimkazi ukaone msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Nenda Jozani ukawaone kima punju, wale wanaokula mkaa. Au kaa tu kwenye kiti. Wengi wenu mtapuuza, nawajua, mtalipia kwanza halafu mtanitumia picha ya mchanga.

Yule wa Iringa nilimjibu maneno matatu: subiri saa kumi. Saa kumi na robo akanitumia video ya wanawe wanapiga kelele majini.

Na jana usiku wifi yangu naye kaniandikia, kwa adabu zote, anaomba namba ya yule dereva. Nimeisoma. Tiki zimekuwa za buluu.