Sentimeri

Swali lenu la wiki: "Ni shule gani mkoani kwako iliyosahaulika isivyostahili?"

Kwa Tabora najibu St. Mary's. Mwaka jana baba mkubwa, aliyesoma pale miaka ya 1960, alishuka stendi akitokea Urambo, akamwambia kijana wa bodaboda, "Nipeleke Sentimeri." Kijana akawauliza wenzake, wote kimya. Mzee akaanza kuelekeza kwa fimbo. "Aa, mzee, si useme Milambo!" Alinung'unika njia nzima.

Ni hiyo hiyo. Kabla haijawa Milambo Sekondari ilikuwa ya Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe. Weupe wenyewe ni wa kanzu, si wa ngozi: shirika lao lilianzia Algiers mwaka 1868, wakachukua vazi la huko, rozari shingoni.

Kilichoifunika St. Mary's ni jirani yake. Ukitaja Nyerere na Tabora, watu wanakimbilia Tabora Boys, shule ya serikali, na hawakosei, maana ndiko alikosoma kuanzia 1937. Lakini alipomaliza Makerere mwaka 1945 aliitwa kufundisha kote kuwili, akaenda kwa mapadre ingawa serikali ililipa zaidi. Ajira yake ya kwanza ya ualimu ikawa hapo, akifundisha bayolojia. Jioni aliwafundisha watu wa mjini Kiingereza bure, na pamoja na Andrew Tibandebage, mwalimu mwenzake, akashughulika na tawi la TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika kilichoitangulia TANU. Padre Richard Walsh, mkuu wa shule, ndiye aliyemhangaikia mpaka akaenda Edinburgh mwaka 1949. Leo tunamwita Mwalimu, na shule iliyomwajiri hata bodaboda hawaijui!

Linalonichekesha, na kunikera kidogo, ni kwamba serikali ya mwalimu huyo huyo ndiyo iliyoitaifisha, baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, pamoja na shule nyingine za misheni.

Baba mkubwa hana kinyongo na jina la sasa. Milambo ni mtemi wetu (vitabuni wanaandika Mirambo, ila sisi Wanyamwezi "l" inatutosha). Anachotaka ni kibao getini. Nikamuuliza kiandikwe nini: mapadre, Nyerere, miaka?

"Waandike Sentimeri tu," akasema. "Kwa herufi kubwa, bodaboda wasome."

Msomaji, Ipuli, Tabora