Darubini ndani ya kompyuta: maswali yenu na majibu

Tangu niitaje Stellarium, programu ya bure aliyoianzisha Mfaransa Fabien Chéreau mwaka 2001, inayogeuza skrini kuwa anga la usiku, maswali hayajakoma. Nimechukua sita.

Nina laptop ya zamani na bando la kuungaunga. Nitaiweza? (Mwanafunzi, Morogoro)

Utaiweza. Intaneti unaihitaji siku ya kupakua tu, na kwa kuwa faili ni la MB mia kadhaa, subiri bando la usiku. Au aliyenayo akuwekee kwenye flashi. Leseni yake ni GPL, kwa hiyo kunakiliana ni ruhusa. Ikishaingia, nyota zaidi ya 600,000 zimo humo hata data ikiwa imezimwa. Ikifunguka skrini nyeusi, mara nyingi mkosaji ni kadi ya picha. Jaribu toleo la zamani.

Niliambiwa Mushtarii (sayari ya Jupita) inaonekana saa 2 usiku. Nimeandika saa 2, siioni. (Fundi cherehani, Tanga)

Umeandika 02:00, ambayo kwetu ni saa 8 usiku. Andika 20:00. Kisha bonyeza F6 uhakikishe umewekwa Tanga, la sivyo utakuwa unatazama anga la wenzako wa Ulaya. Ukiiona Nyota ya Kaskazini juu ya upeo, ujue mahali si penyewe: Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na huko nyota hiyo haichomozi mwaka mzima.

Ninachokiona ni picha ya sasa hivi? (Dereva, Dodoma)

Hapana. Ni hesabu, pamoja na picha zilizopigwa zamani.

Je, itaniambia kama mwezi umeandama? (Mama, Unguja)

Itakuambia mwezi uko wapi. Weka jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu, jua likiwa linazama, kisha bofya mwezi usome uko nyuzi ngapi juu ya upeo. Kama umetangulia kuzama kabla ya jua, hakuna wa kuuona. Ukiwa nyuzi 2 au 3, hata mwenye macho ya tai atahangaika. Wingu halimo kwenye hesabu hizo, mama, na kutangaza mwezi si kazi ya programu wala yangu.

Marehemu babu alikuwa akisema: "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Kompyuta yaweza kunionyesha? (Mstaafu, Kilwa)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako limenikesha. Kompyuta haijui mvua, ila kuzama inakujua vizuri. Bonyeza F3, andika Pleiades, ndilo jina la Kilimia, kundi lile la nyota, humo. Weka tarehe 10 Aprili, saa 19:00, utazame magharibi. Sasa bonyeza alama ya =; kila ukibonyeza siku moja inapita, na Kilimia kinashuka kama nyuzi moja hivi. Mwanzoni mwa Mei kinamezwa na mwanga wa machweo, masika yakiwa bado hayajaisha. Endelea hadi katikati ya Juni, geuka mashariki, rudisha saa iwe 05:15: hicho hapo kimezuka upande wa pili, na huku nje mvua zimeshakatika. Babu aliyajua haya bila umeme.

Na nyota zile ziko umbali wa takriban miaka 440 ya nuru. Nuru unayoipokea Kilwa leo ilianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593.

Mwanangu wa miaka tisa sasa habanduki kwenye skrini. Nje hataki kutoka. (Baba, Mbagala)

Usigombane naye. Subiri umeme ukatike mtaa mzima, betri ya laptop ikiwa bado na chaji, mtoke wote. Bonyeza Ctrl na N, skrini igeuke nyekundu, maana macho huchukua kama dakika 20 au zaidi kuzoea giza na mwanga mweupe huyarudisha mwanzo. Mpe kazi ya kuutafuta Msalaba wa Kusini. Akiupata, akuonyeshe kwa kidole, si kwa kipanya.