Jibu: Namba ya EER kwenye viyoyozi viwili vya BTU 12,000

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini viyoyozi viwili ulivyoviona dukani hapa Tabora, vyote vya BTU 12,000 kwa saa, vimeandikwa EER 9 na EER 12, na kama bei kubwa ya hicho cha pili ni halali. EER ni nguvu ya kupoza (hizo BTU kwa saa) ikigawanywa kwa wati za umeme zinazotumika, hivyo cha kwanza kinakula takribani wati 1,333 na cha pili wati 1,000. Katika joto letu la Oktoba, mashine ikifanya kazi kwa nguvu zote muda wa saa 8 kila usiku, tofauti hiyo inafikia yuniti 80 hivi za Luku kwa mwezi, nami naona hazipuuziki hata kidogo.

Usilinganishe EER ya mashine moja na SEER ya nyingine, kwa kuwa SEER hupimwa kwa msimu mzima na kwa kawaida huwa kubwa zaidi. Nakusihi uiname usome kibandiko kilichoko ubavuni mwa kipande cha nje, kisha ugawanye mwenyewe BTU kwa wati, maana vigezo vya nyota za ufanisi wa umeme zinazobandikwa mbele hutofautiana nchi hadi nchi.